Asilimia 98 kidoleni, na mlima haupandiki

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na nyumba yake iko Mabatini juu, kule ambako bodaboda hukushusha barabarani na kilichobaki unakipanda kwa miguu katikati ya mawe. Mwaka juzi alianza kusimama njiani. Kwanza alisimama kwenye jiwe kubwa la katikati, baadaye kwenye kila kona, mwisho akawa anakaa chini kabisa, mkono kifuani, akihema kama mtu aliyetoka mbio. Tukampeleka kituo cha afya. Wakambana kidole na kile kipimo chenye taa nyekundu, kikasoma 98. Akaambiwa hewa yake iko vizuri, ni uchovu tu na umri unakwenda. Akapewa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani.

Wiki tatu baadaye, mahali pengine, muuguzi mmoja alimshusha ukope wa chini wa jicho, akaona weupe pale panapotakiwa kuwa pekundu, akaagiza apimwe wingi wa damu. HB, yaani gramu za himoglobini katika kila mililita 100 za damu, ilikuja 5.6.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu kwa sababu kipimo cha kwanza hakikukosea. Kidole chake kweli kilikuwa 98. Mapafu yake kweli yalikuwa mazima. Na mwanamke huyohuyo kweli alikuwa akipungukiwa na oksijeni mwilini kila alipoinua mguu kupanda. Mambo hayo matatu yalikuwa kweli kwa pamoja, na tusipoelewa kwa nini, tutaendelea kuwarudisha watu majumbani na namba nzuri wakati miili yao inazidiwa.

Kipimo cha kidoleni hupitisha mwanga kwenye damu na kuuliza swali moja tu: katika himoglobini iliyopo, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, sehemu gani imebeba? Ni sawa na kusimama Buzuruga saa kumi na mbili jioni ukamuuliza kondakta kama gari limejaa. Atakujibu limejaa, tena hadi mlangoni, na atakuwa amesema kweli. Hajakwambia barabarani kuna magari mangapi. Siku ambayo daladala ni chache ndiyo siku ambayo kila moja limejaa, na watu wanakwenda Igoma kwa miguu.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Gramu moja ya himoglobini ikijaa hubeba mililita 1.34 hivi za oksijeni. Mwanamke mwenye HB 14 anakuwa na mililita 18 hivi katika kila mililita 100 za damu inayotoka moyoni kwenda mwilini. Shangazi, pamoja na ile 98 yake, alikuwa na 7 na ushei. Oksijeni inayosafiri imeyeyuka kwenye majimaji ya damu, bila kubebwa na himoglobini, ni mililita 0.3 tu. Kwa hiyo hata angewekewa mpira wa oksijeni puani usiku kucha, angeongezewa kidogo sana. Magari yaliyokuwepo yalikuwa yameshajaa. Yalihitajika magari mengine.

Lakini kubeba ni nusu ya kazi, na nadhani ndiyo nusu iliyo rahisi. Nusu ngumu ni kuachia.

Tulipokuwa shule ya msingi tuliimbishwa kwamba tunavuta hewa safi na kutoa hewa chafu. Sentensi hiyo imekaa vichwani mwetu kiasi kwamba tunaiona hewa ukaa kama taka, kitu cha kufagiwa nje na kusahauliwa. Mimi naona sentensi hiyo imetuharibia uelewa wa miili yetu kuliko tunavyodhani, kwa sababu hewa ukaa ndiyo inayoiambia damu mzigo ushushwe wapi.

Mwaka 1904, mjini Copenhagen, Christian Bohr akiwa na wenzake Karl Hasselbalch na August Krogh alionyesha kwamba hewa ukaa ikiongezeka katika damu, damu hulegeza mkono wake juu ya oksijeni. Mtazame kuli wa Mwaloni aliyebeba gunia la dagaa kutoka kwenye mtumbwi hadi kwenye lori. Akiwa amekaa anapiga soga, mwili wake mzima hutumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika, na damu hurudi moyoni ikiwa bado na robo tatu ya mzigo wake. Akishajitwika gunia, misuli ya mapaja yake inapata joto, inatoa asidi, inatoa hewa ukaa kwa wingi. Vitu hivyo vitatu, kila kimoja kwa nafsi yake, huifanya himoglobini iachie. Damu ileile iliyokuwa ikipita pajani na kuacha robo ya mzigo sasa inaacha robo tatu, na zaidi. Wala haihitaji amri kutoka juu. Msuli unaofanya kazi kubwa hutoa hewa ukaa nyingi, na hewa ukaa hiyohiyo hufungua mkono wa himoglobini pale pale ilipo, si kwenye bega lililopumzika wala kwenye sikio. Hiyo ndiyo "hewa chafu" yetu. Bila hiyo, mzigo ungezunguka mjini na kurudi gereji bila kushushwa.

Himoglobini inaweza kufanya hivyo kwa sababu ina vipande vinne, kila kimoja na chembe yake ya chuma, na vipande hivyo husikilizana. Kimoja kikishika oksijeni, umbo zima linajigeuza na vingine vinashika kwa wepesi zaidi. Kimoja kikiachia, vingine vinafuata. Matokeo yake, kwenye mapafu damu hujaa karibu yote hata kama hewa imepungua kiasi, ilhali kwenye misuli, upungufu mdogo wa oksijeni humwaga mzigo mkubwa. Ndiyo maana sisi wa Mwanza, tunaoishi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na kuvuta hewa ambayo oksijeni yake ni pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko ya Tanga, hatuhisi kitu. Ukichora mzigo wa damu dhidi ya oksijeni iliyo hewani, sisi tuko juu kwenye tambarare ya mchoro, mahali ambapo kupungua kwa hewa hakupunguzi mzigo. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa ni nusu ya ile ya pwani. Pale tambarare imekwisha na unaanza kuporomoka.

Nirudi kwa Shangazi, maana hapa ndipo maradhi yake yalipojificha. Alikuwa anapoteza damu nyingi kila mwezi kwa miaka, kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi, na hakumwambia mtu. Damu ikipungua polepole hivyo, chembe nyekundu hutengeneza kwa wingi kemikali iitwayo 2,3-DPG, ambayo hujipenyeza katikati ya vile vipande vinne vya himoglobini na kuifanya iachie oksijeni kwa urahisi zaidi. Moyo nao unaongeza mwendo. Kwa hiyo kila gari lililobaki lilikuwa linakimbia zaidi na kushusha abiria wengi zaidi. Mtu aliyepoteza damu kiasi kile kwa saa moja angekuwa amezirai. Yeye alikuwa anauza dagaa. Mwili ulijirekebisha kwa ustadi mkubwa mpaka watu wakaamini hakuna kitu, na ni ustadi huohuo uliomchelewesha. Ninapomsikia mtu akisema mama fulani "amezoea", moyo wangu hushtuka. Kuzoea maana yake ni kwamba akiba imekwisha kutumika.

Alipoongezewa damu tulitarajia asubuhi yake ainuke kama mtu mpya. Alipata nafuu, lakini nguvu zilirudi kwa awamu. Kuna sababu moja ya hilo ambayo wanaouguza wagonjwa hawaambiwi: damu iliyokaa kwenye mfuko wiki kadhaa hupoteza ile 2,3-DPG, hivyo siku ya kwanza inabeba vizuri lakini inang'ang'ania mzigo. Ikishaingia kwenye mwili hai hujirudishia kemikali hiyo kwa siku moja hadi tatu. Chuma cha kujengea damu yake mwenyewe ni safari ya miezi, na vile vidonge vinavyochafua tumbo, ambavyo akina mama wengi huviacha kwenye kabati, ndivyo vinavyoikamilisha.

Hewa ukaa nayo ina safari yake ya kurudi, na kwangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Sehemu kubwa, kama asilimia 70, haisafiri kama hewa hata kidogo. Ikiingia kwenye chembe nyekundu inakutana na kimeng'enya chenye kasi ya ajabu, kinachoichanganya na maji na kuigeuza kuwa baikaboneti, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Baikaboneti inatoka nje ya chembe, kloraidi inaingia kushika nafasi yake, na safari inaendelea ndani ya majimaji ya damu. Kiasi kama cha moja ya tano hushikamana na himoglobini yenyewe, mahali tofauti na pale inaposhika oksijeni, na kilichobaki huyeyuka tu. Damu ikifika mapafuni mambo yote yanageuka: oksijeni inapopanda, inaisukuma hewa ukaa ishuke. Jambo hilo lilielezwa na John Scott Haldane na wenzake mwaka 1914, miaka 10 baada ya Bohr, na ni upande wa pili wa shilingi ileile. Kila mmoja anampisha mwenzake kiti. Na mchukuzi mwenyewe, chembe nyekundu, hana mitokondria, vile viwanda vidogo vya seli vinavyotumia oksijeni, kwa hiyo hatumii hata tone la oksijeni anayobeba. Anaishi siku 120 hivi akibeba chakula cha wengine bila kukionja.

Mamba wa ziwa letu wamelipeleka jambo hili mbali zaidi. Himoglobini ya mamba haiongozwi na 2,3-DPG kama yetu. Inaongozwa na baikaboneti yenyewe. Kadiri mamba anavyokaa chini ya maji bila kupumua, hewa ukaa inavyorundikana na kugeuka baikaboneti, ndivyo damu yake inavyoachia oksijeni iliyobaki, na ndivyo anavyoweza kuendelea kungoja. Sangara hana neema hiyo. Maji ya chini yaliyoishiwa oksijeni yakipanda juu, sangara ndiye anayekutwa anaelea, ilhali kamongo anachomoa mdomo, anavuta hewa kama sisi, anazama tena. Wavuvi wanalijua hilo tangu zamani.

Watoto wetu si mamba. Jumamosi yoyote utawakuta vijana kwenye miamba ya ufukweni wakishindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu. Wapo waliogundua kwamba ukivuta pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kuzama, unakaa zaidi. Wanadhani wamejaza oksijeni. Hawajajaza, kwa sababu damu ilikuwa imeshajaa tangu mwanzo, kama daladala yetu ya jioni. Walichofanya ni kuifukuza hewa ukaa. Na hewa ukaa ndiyo inayougongea ubongo mlango kusema sasa pumua. Ile kiu kali ya hewa unayoihisi ukibana pumzi inatokana hasa na kupanda kwa hewa ukaa, kabla oksijeni haijapungua vya kutosha kukusumbua. Kijana aliyeifukuza anakaa chini raha mustarehe, oksijeni inashuka, mlango haugongwi, na taa inazimika kichwani bila onyo. Mbaya zaidi, damu iliyoishiwa hewa ukaa hukaza mkono juu ya kile kidogo ilichobakiza. Anazama kimya, na wenzake ufukweni wanahesabu wakishangilia. Ningependa kila mwalimu wa shule zilizo kando ya ziwa aliseme hili kwa maneno ya wazi kwa wanafunzi wake, hata kama haliko kwenye mtihani.

Upande wa pili wa jambo hilohilo tuliuona Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Siku mbili baadaye fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai, kutoka mahali palipokuwa pamebaki na hewa. Aliyenaswa katika nafasi kama hiyo haanzi kutishwa na kuisha kwa oksijeni. Mtu mzima aliyetulia hutoa kama mililita 200 za hewa ukaa kwa dakika, karibu lita 290 kwa siku, na hewa hiyo ikifika asilimia chache ndani ya chumba kilichofungwa kichwa kinauma, pumzi zinakwenda mbio, fahamu zinayumba, wakati oksijeni ingali ya kutosha. Maji yanayomzunguka humsaidia kiasi, kwa kuwa hewa ukaa huyeyuka majini zaidi ya mara 20 kuliko oksijeni. Na kutulia kunamsaidia, kwa kuwa kila mkono unaotupwatupwa ni hewa ukaa zaidi. Watu wa kwetu wanaowaambia watoto "usihangaike majini" wana hekima yenye hesabu ndani yake.

Kuna hewa nyingine ambayo haigongi mlango kabisa, nayo tunaiingiza nyumbani kwa mikono yetu. Jiko la mkaa likihamishiwa ndani mvua inaponyesha, au usiku wa baridi wa Juni na Julai, hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Himoglobini huipenda hewa hiyo zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Inakalia viti. Na zaidi ya kuvikalia, inawafanya abiria wa oksijeni waliobaki ndani ya gari washindwe kushuka, kwa sababu vile vipande vinavyosikilizana sasa vimeshikana kwa nguvu. Ndiyo maana mtu ambaye nusu ya himoglobini yake imetekwa na kaboni monoksaidi yuko hatarini kuliko mtu aliyebakiwa na nusu ya damu, hata kama kwenye karatasi mizigo yao inalingana. Haldane aliichunguza hewa hii kwa kuivuta yeye mwenyewe, na maandishi yake ya mwaka 1895 yanaeleza alivyojisikia.

Na kipimo cha kidoleni? Kinaweza kusoma 98. Rangi ya damu iliyotekwa inafanana na ya damu yenye oksijeni, na taa ile ndogo haiwezi kuzitofautisha. Mtu anaweza kuletwa akiwa hajitambui, kidole kikasema yuko vizuri. Hapo maswali mawili yanashinda mashine: mlilala na jiko ndani? Na kuna mwingine nyumbani anayeumwa kichwa? Ukipata jibu la ndiyo, oksijeni ya nguvu inaanza mara moja, kwa sababu kwenye hewa ya kawaida kaboni monoksaidi huchukua saa nne hadi sita kupungua kwa nusu, na kwenye oksijeni tupu huchukua kama saa moja na nusu au chini ya hapo. Nawafikiria pia akina mama wanaobanika samaki kwenye vibanda vilivyozibwa ili moshi usipotee. Kichwa kinachowauma kila jioni wamekwisha kukiita sehemu ya kazi.

Kwa wengine katika ukanda huu, kuachia kwenyewe ndiko kunakoumiza. Himoglobini ya mtoto mwenye selimundu hubeba oksijeni vizuri. Shida huanza inapoiachia: ikibaki tupu inashikana na wenzake kuwa nyuzi, chembe inajipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Baridi ya ziwa, kukauka maji mwilini, homa, mbio za mchezo, kila kinachoifanya damu iachie zaidi au ipite polepole zaidi huleta maumivu ambayo mtu mzima hulia. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona tangu mwaka 1949 kwamba vinasaba vya selimundu vimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria na ni haba kwenye nyanda za juu, na mwaka 1954 akaonyesha sababu: mwenye kinasaba kimoja hulindwa dhidi ya malaria. Hapa kwetu kanda ya ziwa, kama mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa na kinasaba hicho kimoja. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila ujauzito una uwezekano wa robo wa kumleta mtoto mgonjwa. Tone la damu kutoka kisiginoni mwa kichanga linatosha kujua, lakini bado tunasubiri mtoto avimbe vidole na kulia usiku kucha ndipo tuanze kuuliza, na majirani wakiwa wameshataja uchawi.

Baada ya UVIKO-19 nchi imefunga mitambo ya kuzalisha oksijeni kwenye hospitali nyingi, na hilo nalishukuru kwa moyo wote. Homa ya mapafu inaihitaji, vichanga wanaihitaji. Lakini kwenye ufuko huu wenye malaria, minyoo na kichocho, katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, oksijeni nyingi inapotelea baada ya mapafu. Mitungi haiwezi kufika huko. Kinachofika huko ni chandarua, dawa ya minyoo, chuma, benki ya damu isiyo tupu, na muuguzi anayejua kushusha ukope. Ningeweka kanuni moja katika kila zahanati kuanzia Magu hadi Ukerewe: anayelalamika kuhema akibanwa kidole, achomwe na kidole cha pili, HB isomwe siku hiyohiyo, na namba zote mbili ziandikwe kwenye daftari lake mstari mmoja. Namba moja bila mwenzake isimrudishe mtu nyumbani.

Shangazi alifanyiwa upasuaji mwaka jana. Mwezi uliopita nilimsindikiza kliniki. HB ilikuwa 11.8. Kidole kilisoma 97, pungufu ya moja kuliko siku ile waliyomwambia yuko vizuri. Tukapita Mwaloni akachukua ndoo yake ya dagaa, akashuka kwenye bodaboda pale barabarani, akajitwika, akapanda. Kwenye jiwe kubwa la katikati aligeuka kuniuliza kama funguo ninazo mimi, kisha akaendelea hadi mlangoni.